Mafunzo ya kazi kwenye kompyuta yapimwe kazini, si darasani

Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi katika shule za huku kwetu Chebunyo, nikiichukulia kuwa kejeli kwa mtu aliyeona kidogo akadhani ameona yote. Sikudhani kwamba ingekuja siku ambayo methali hiyo hiyo ingenigeukia mimi mwalimu ikawa shtaka.

Jambo ninalotaka kulijadili leo ni mafunzo ya uigaji kwa njia ya kompyuta, yaani yale mafunzo ambayo kijana anayetafuta kazi yake ya kwanza huketishwa mbele ya skrini, akaonyeshwa duka, hoteli, ghala au ofisi ya kubuni, na akatakiwa kuhudumu humo kana kwamba ameajiriwa. Wateja ni picha, fedha ni tarakimu, na akikosea huambiwa ajaribu tena. Walimu wenzangu ni mashahidi wa jinsi wazazi wanavyotujia kuuliza habari za mafunzo ya namna hii, hasa mara tu matokeo ya KCSE yanapotangazwa. Nasi mara nyingi huwajibu kwa ujasiri tusiokuwa na haki nao.

Msichana mmoja niliyemfundisha hesabu tangu kidato cha kwanza alimaliza masomo yake akiwa na alama za wastani, zisizotosha kumpeleka chuo kikuu. Mama yake alinijia nyumbani jioni moja kuomba ushauri. Alikuwa amesikia habari za chuo kimoja mjini kilichofunza kazi ya keshia kwa muda wa wiki sita, na karo yake ilikuwa sawa na bei ya mtamba. Nilikwenda mwenyewe kukitazama chuo hicho. Nilikuta chumba safi, kompyuta zimepangwa kwa mistari, na vijana wakipitisha bidhaa za picha mbele ya mashine ya picha kwa wepesi ulionishangaza. Nilirudi nikamwambia mama yule, "Mama, mpeleke mtoto. Hii ndiyo elimu ya siku hizi." Mtamba akauzwa.

Baada ya wiki sita msichana alirudi na cheti chenye alama 92 kwa 100. Supamaketi moja ndogo ikakubali kumjaribu. Saa ya kwanza ilikwenda vyema. Kisha mteja mmoja akasema amekwisha kulipa kwa simu, ilhali ujumbe wa malipo ulikuwa haujafika. Foleni ikarefuka. Msichana akatafuta kwenye mashine kitufe cha kutatua jambo hilo asikipate, kwa kuwa katika programu aliyojifunzia wateja wote walilipa kwa kadi ya benki, na malipo yakakubaliwa papo hapo. Mchana stima ikapotea, mashine ikazimika, na akatakiwa kuandika risiti kwa mkono na kurudisha chenji mbele ya watu walionung'unika. Katika wiki zote sita alikuwa hajashika noti hata moja. Siku ya tatu aliambiwa arudi nyumbani, asubiri kupigiwa simu. Simu haikupigwa.

Mama yake hakuja kunigombeza. Tulikutana sokoni, akanisalimu kwa heshima kama ilivyo desturi yetu, kisha akasema, "Mwalimu, mtoto alipita mtihani. Sasa ni mtihani gani huo alioupita?" Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata.

Yafaa ieleweke mapema kwamba sikusudii kuyalaani mafunzo haya. Uigaji ni mbinu yenye heshima yake. Mnamo 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye alifanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha kutengeneza vinanda, alitumia mivukuto ya vinanda hivyo kuunda chombo kilichoinama na kuyumba mfano wa ndege, ilhali kimekaa sakafuni. Hapo mwanzo chombo hicho kiliishia zaidi katika viwanja vya burudani. Lakini mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipokabidhiwa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa kwa kuruka gizani na katika hali mbaya ya hewa, jeshi hilo lilikumbuka chombo cha Link na kukinunua. Mabaharia nao hawakuachwa nyuma. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 unaohusu mafunzo yao, ulipofanyiwa marekebisho mwaka 1995, ulifanya uigaji kuwa sharti katika mafunzo ya kutumia rada.

Sababu yake ni wazi. Rubani akikosea angani hufa pamoja na abiria wake. Akikosea sakafuni hutabasamu na kuanza upya. Basi uigaji una thamani kubwa pale ambapo kosa ni la hatari, au kifaa chenyewe hakipatikani kwa urahisi, au ajali haiwezi kungojwa itokee ndipo ifundishwe.

Hata sisi Wakenya tuna uigaji wetu, tena usiohitaji stima. Yeyote aliyepitia shule ya udereva anaujua ule ubao uliochorwa mji mdogo wenye barabara na makutano, ambao juu yake mwanafunzi husukuma kigari kwa mkono huku akieleza anavyoingia na anavyotoka. Wako wanaoucheka ubao huo. Mimi siucheki, kwa maana una hekima ambayo chuo nilichokisifu hakikuwa nayo. Hakuna mtu anayepewa leseni kwa sababu ya kusukuma kigari pekee. Baada ya ubao huja barabara, na huko mtahini huketi ndani ya gari lenye injini akamtazama mwanafunzi mbele ya magari, punda na watoto wanaovuka. Isitoshe, mtahini huyo siye aliyepokea karo ya mafunzo. Ubao hutayarisha, barabara hupima. Katika mafunzo ya kompyuta ninayoyasema, mwanafunzi hutayarishwa kwenye ubao, akatahiniwa kwenye ubao uo huo, na akapewa leseni.

Msomaji aliye mbali huenda akauliza kwa nini jambo hili linatugusa sana sisi. Chebunyo iko katika eneobunge la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, upande ambao mvua ni haba na tegemeo la wengi ni mahindi na ng'ombe. Nyanda za chai ziko juu yetu, kuelekea Kericho. Tangu makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipoanza kupanda chai huko katika miaka ya 1920, kijana aliyekosa kazi aliweza kwenda, akapewa kikapu, akaonyeshwa majani mawili na kichipukizi, na baada ya muda mfupi akawa mchumaji. Kikapu kilikuwa chuo chake, na mizani ya jioni ilikuwa mtihani wake. Mizani hiyo haikuuliza cheti. Ilikuwa kazi ngumu yenye malipo madogo, wala sitaki kuipamba. Lakini kijana alijua siku iyo hiyo kama ameiweza au la.

Siku hizi mashine za kuchuma chai zimechukua nafasi ya mikono mingi. Itakumbukwa kwamba mwezi Mei 2023 ghadhabu ilipanda huko Kericho hata waandamanaji wakateketeza baadhi ya mashine hizo. Mlango wa zamani unazidi kuwa mwembamba, na vijana wanaogeuka kutafuta mwingine ndio hao wanaokutana na matangazo ya mafunzo. Mtu aliyefungiwa mlango mmoja haulizi maswali mengi kwenye mlango wa pili. Ndiyo sababu ni wajibu wetu sisi tuliosoma kumwulizia.

Je, tuulize nini? Mwaka 1959 msomi Mmarekani Donald Kirkpatrick aliandika mfululizo wa makala akipendekeza kwamba mafunzo ya kazi yapimwe kwa ngazi nne. Ya kwanza ni kama wanafunzi waliyafurahia. Ya pili ni kama walijifunza jambo. Ya tatu ni kama mwenendo wao kazini ulibadilika. Ya nne ni kama mabadiliko hayo yalizaa matunda, mathalani kazi iliyodumu, mapato yaliyopanda au hasara iliyopungua. Tujihukumu kwa haki. Mimi nilipokwenda kukikagua chuo kile niliishia ngazi ya kwanza, kwani niliona vijana wachangamfu nikaridhika. Chuo chenyewe kiliishia ngazi ya pili, tena nusu yake tu, kwa maana kilipima kile kile kilichofundishwa, kwa programu ile ile, kupitia walimu wale wale. Ngazi ya tatu na ya nne zilipimwa na wateja wenye haraka, kwa muda wa siku tatu, kwa gharama ya mama mmoja.

Udhaifu huu sisi walimu twaujua vyema katika kazi yetu. Mwanafunzi aliyejifunza kemia kwa kutazama picha za kitabu hutambulika mara anaposhika bureti, na ndiyo maana KCSE ina karatasi ya vitendo. Somo la kompyuta lenyewe lina karatasi ya vitendo na mradi juu yake. Aidha, tangu mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, tumeingia kwa miguu miwili katika mtaala unaosema kwamba mwanafunzi apimwe kwa umilisi wake, yaani kwa yale anayoweza kuyatenda. Ikiwa hatumkubalii mtoto wa shule alama za vitendo kwa kubofya picha, kwa nini tumkubalie aliyetoka shuleni, ambaye mkate wake unategemea matokeo hayo?

Kuna ushahidi wa karibu nasi unaostahili kusomwa. Nchini Uganda watafiti waliwafuatilia vijana 1,700 na biashara 1,500 kwa muda wa miaka minne, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Vijana wengine walipelekwa vyuo vya ufundi kujifunza kazi kama vile ushonaji, ususi, uchomeleaji na ufundi wa magari. Wengine walifunzwa kazini na waajiri waliopewa ruzuku ya kuwalipa mishahara. Makundi yote mawili yalinufaika. Kiwango cha kuajiriwa kilipanda kwa asilimia 21 kwa waliopitia chuoni, na asilimia 14 kwa waliofunzwa kazini. Mapato nayo yalipanda kwa asilimia 34 na asilimia 20.

Mwenye chuo atazifurahia tarakimu hizo akasema, "Naam, darasa limeshinda." Asiharakishe. Waliopitia chuoni walinufaika zaidi kwa kuwa ujuzi wao ulifaa kwa mwajiri yeyote wa fani hiyo, na walikuwa na cha kuuthibitishia. Walipoikosa kazi moja waliweza kuitafuta nyingine. Waliofunzwa na mwajiri mmoja walijua zaidi mambo ya mwajiri yule. Hapa tunapata vipimo viwili vya kulipima funzo lolote, liwe la kompyuta au la nyundo. Je, ujuzi huu unahama? Je, cheti hiki kinaaminiwa na mtu asiyekitoa? Ujuzi wa msichana wangu haukuweza kuhama hata kutoka mashine moja hadi nyingine, na cheti chake kiliaminiwa kwa siku tatu.

Hata hivyo, haki hainiruhusu kuuficha upande wa pili. Msichana huyo alikaa miezi kadhaa akisaidia katika duka la jirani hapa Chebunyo, na sasa anafanya kazi mahali panapokusanywa maziwa ya wafugaji. Huyapima, huyaandika kwenye daftari na kwenye simu, na hujibizana alfajiri na wazee wasiokubali kwamba maziwa yao yamepungua. Nilimwuliza kama zile wiki sita zilipotea bure. Akafikiri kidogo, akanijibu, "Hapana, mwalimu. Mashine siiogopi tena. Nilikuwa sijafunzwa watu."

Maneno hayo yamenifunza kuliko makala nyingi nilizosoma. Kompyuta ilimfunza kompyuta, na hilo ilifanya vizuri. Iliondoa woga wa kushika kifaa, ikampa nafasi ya kurudia jambo mara mia bila ya kumchosha mtu yeyote. Kwa mtoto wa huku ambaye hajaona mapokezi ya hoteli kubwa wala ghala la bidhaa, hilo si jambo dogo. Skrini inaweza kumletea karibu kilicho mbali. Lakini kazi nyingi za kuanzia si za mashine tupu. Ni za watu, na mtu mwenye hasira, mwenye hila au mwenye haya hafundishiki kwa picha inayosema asante kila mara.

Tena kuna uigaji wa bei rahisi ambao sisi walimu tumeusahau. Naweza darasani kumfanya mwanafunzi mmoja keshia, mwingine mteja mkorofi, wa tatu meneja. Nikaweka sarafu na noti za kweli mezani, nikatoa risiti za zamani, kisha katikati ya shughuli nikasema stima imepotea. Hakuna leseni ya programu inayohitajika. Wanafunzi watacheka, kisha wataacha kucheka hesabu zitakapokataa kulingana. Kilabu cha biashara cha shule yoyote kinaweza kufanya hivi alasiri ya Ijumaa.

Kwa vyuo vinavyotoza karo, napendekeza mambo manne. Kwanza, mtahini awe mtu wa nje, na mtihani ufanywe kwa mashine au programu ambayo mwanafunzi hakujifunzia, ukiwa na matatizo yasiyotangazwa mapema. Pili, cheti kisitolewe kabla ya mwanafunzi kutumikia angalau wiki moja mahali pa kazi halisi, hata kama ni duka dogo la sokoni. Tatu, chuo kitangaze baada ya miezi sita hali ya wanafunzi wake wote, waliopata kazi na waliokosa, badala ya kubandika picha za watatu waliofaulu. Nne, sehemu ya karo ilipwe baada ya wiki ile ya kazi halisi, ili chuo nacho kiwe na cha kupoteza.

Wenye vyuo watateta kwamba waajiri hawakubali wanafunzi wasiojua kazi, kwa hofu ya hasara. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo hasa inayouhalalisha uigaji: kijana afanye makosa yake ya kwanza mia kwenye skrini, ili mwenye duka apokee makosa machache. Lakini hoja ya kutanguliza kompyuta haiwezi kugeuzwa kuwa hoja ya kuishia kwenye kompyuta. Wengine watasema kwamba hata mafunzo bora hayaumbi kazi mahali ambapo hazipo. Hilo ni kweli, wala asidanganywe mtu. Lakini kazi zikiwa chache, ndipo inapozidi kuwa dhambi kumwuzia maskini cheti kisichofungua mlango.

Serikali nayo ina la kufanya. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya mwaka 2013 iliunda mamlaka ya kusajili na kukagua taasisi hizi. Katiba ya 2010 nayo iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Kaunti ya Bomet inaweza kuanza na vyuo vyake yenyewe, ikaonyesha jinsi ya kuwafuatilia wanafunzi baada ya kuhitimu, kabla ya kuwadai wengine wafanye hivyo. Orodha ya majina, nambari za simu na mtu wa kuzipiga kila baada ya miezi sita havihitaji mfadhili wa kigeni.

Nanyi wanafunzi mtakaosoma haya, kabla ya mzazi wenu kuuza mnyama au kukopa kwenye chama, ulizeni maswali haya. Ni nani atakayenitahini? Nitashika kazi halisi lini? Naweza kuzungumza na wanafunzi watano waliomaliza mwaka jana, niwachague mimi? Chuo kinachokasirishwa na maswali hayo kimekwisha kuyajibu.

Mama yule bado nakutana naye sokoni. Hajalitaja tena suala la mtamba, wala mimi sijapata ujasiri wa kulitaja. Lakini jibu la swali lake sasa ninalo. Mtoto wake alipita mtihani wa kifuu, na mimi mwalimu wake ndiye niliyemwambia kwamba ni bahari. Kifuu chenyewe hakina kosa. Chungu ajifunzie humo kupiga mbizi apendavyo, ila asipewe cheti cha ubaharia kabla ya kulowa maji ya chumvi.